Kumrudisha Petro Mlimba

Veridiana hakuwahi kuiona treni hata siku moja, lakini tangu Jumatatu alikuwa akiifungia mizigo kama mtu aliyezaliwa stesheni. Alikwisha kuchemsha ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo mumewe, Petro, alikuwa radhi kuila akaacha nyama. Alikwisha kukaanga korosho, ingawa mumewe hakuwa tena na nguvu za kuzitafuna. Kopo kubwa la rangi alilisugua kwa majivu mpaka likatakata, akalitafutia mfuniko unaobana, maana mgonjwa asingeweza kufika chooni. Na mito ya sufi alishona mitatu: wa kichwa, wa mgongo, na wa kuweka katikati ya magoti.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa amelala chumbani, kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake hapo Chiwata. Uvimbe ulimshika uti wa mgongo tangu msimu uliopita wa korosho. Hospitalini walimpiga picha, wakanong'onezana, wakamrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu. Petro, mtu wa kuuliza hata bei ya kitu asichonunua, safari hii hakuuliza kitu.

Sasa Petro si mtu wa Chiwata. Kwa watu wa huku mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, naye alihamia akiwa na miaka ishirini na miwili, shoka begani. Miaka thelathini na minne alipanda mikorosho kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, akaipogolea, akaipulizia salfa mpaka kifua kikawa kinapiga filimbi. Watoto aliozaa ni wa ukoo wa mkewe vilevile. Mume wa namna hiyo akianguka hurudishwa kwa dada zake, wamuuguze wao na wamzike wao. Ni desturi yenye akili zake, ila huruma haina.

Dada aliyebaki, Agatha, alihamia Mlimba zamani kufuata mashamba ya mpunga. Masika barabara ya kule ni tope tupu, na Petro kukaa kitako hawezi. Treni ina vitanda. Kwa hiyo Agatha akamtuma mwanawe Walter, mtu mzima wa miaka arobaini mwenye mashine ya kukoboa mpunga, aje kumchukua mjomba wake. Kesho alfajiri wangempakia kwenye basi la Dar, alazwe kiti cha nyuma, na keshokutwa wapande treni.

Mchana ule Walter alikaa barazani na kaka yake Veridiana, Christopher, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Veridiana akaja na mito yake kwapani.

"Hebu nieleze hivyo vitanda, mwanangu."

"Viko sita chumba kimoja, mama. Vitatu upande huu, vitatu ule. Mjomba nimemchukulia cha chini, mimi nitalala juu yake."

"Na mimi?"

Walter akakuna kisogo. "Wanaume na wanawake hawalali chumba kimoja, mama. Ndivyo utaratibu wao ulivyo."

"Mtu namgeuza kila saa usiku kucha, eti utaratibu! Haya, niwekeni huko kwa wanawake, nitakuwa nakuja kumgeuza."

"Tiketi ni mbili, Veridiana," Christopher akasema kwa sauti ya chini.

Alimsikia vizuri, lakini alisimama akingoja kama kuna neno jingine.

"Ukimfuata, akakufia njiani, dada yake atauliza tulimpa nini," Christopher aliendelea, bila ukali. "Mtu hukabidhiwa akiwa hai, mbele ya mashahidi. Msindikize mpaka stesheni ya Dar. Pale unamkabidhi, unarudi. Utaitwa kwenye msiba."

"Kaka! Yuko hai, nyuma ya ukuta huu, nawe umeshamwanzia matanga!" alifoka kwa kunong'ona.

Christopher aliinamisha kichwa. Aliona haya, lakini neno lake hakulifuta, na Veridiana alijua kwamba halifutiki. Hasira ilimpanda, akaona aipe mikono yake kazi.

Alitandika mkeka ukumbini, akajilaza ubavu, mito yote mitatu mahali pake. "Njoo unigeuze. Mimi ndiye mjomba wako."

Walter alisita, kisha akapiga magoti, akamshika bega.

"Siyo bega. Bega ukivuta, mgongo unajipinda, atapiga ukelele behewa zima liamke. Shika nyonga na goti pamoja. Polepole. Mto wa magoti usianguke."

Walirudia hivyo mara tano. Veridiana akabaki kaelekea ukutani, akaona ufa mdogo chini ambao Petro aliahidi kuuziba tangu mwaka juzi. Hapo machozi yakamtoka, akayafutia kwenye mto wa sufi.

"Mama Wema!" Petro aliita kutoka chumbani.

Akainuka, akaingia.

"Nimesikia habari za vitanda," Petro alisema. "Wewe umepata kipi?"

Alikwisha kumdanganya Petro mara nyingi, mambo ya jikoni hayo, ya sukari na ndugu waliokuja kuomba unga. Hili halikuwa la jikoni.

"Wanatutenga, Baba Wema. Wanawake chumba chao. Mimi nimo mlango wa tatu kutoka kwako."

"Hata wagonjwa?"

"Hata wagonjwa. Ukitaka kitu, mtume Walter."

Petro akacheka kidogo, akakohoa. "Kumbe uzeeni ndiyo tunalazwa mbalimbali. Basi usifunge mlango."

"Sifungi."

Alipotoka alimkuta Walter amesimama pale pale ukumbini. Alikuwa amesikia yote. Veridiana alimvuta mpaka uani.

"Usiku atakutuma kwangu," alisema. "Usimbishie. Toka, simama koridoni muda wa mtu kwenda na kurudi, halafu ingia umwambie nimesema ageukie kulia."

"Akinituma tena?"

"Toka tena."

"Na asubuhi tukifika, mama?"

Veridiana aliinama kwenye mfuko wa ming'oko, akaufungua, akaufunga upya, fundo juu ya fundo.

"Asubuhi," alisema, "atakuwa ameshafika kwao."