Kandili kwa Lugha Tatu

Watu husema mjomba wangu Chirau ndiye aliyetupotezea shamba la Galu. Husema hivyo mpaka leo, harusini na matangani, wakidhani siwasikii. Nawasikia. Na kila nikiwasikia damu hunichemka, kwa sababu waliotupokonya shamba lile wala hawakumjua Chirau, na yeye sasa yuko chini ya mchanga, hawezi kujisemea. Basi nitamsemea mimi, Esha binti Mwanapili, na asiyetaka kunisikiliza ashike njia yake.

Mjomba alikuwa fundi wa cherehani. Alikaa barazani pa duka la Popat, hapa Diani, mwaka wa hamsini na tano, wakati barabara ilikuwa mchanga mtupu na Wazungu wa ufuoni tuliwajua mmoja mmoja. Alishona kanzu, alitia viraka kaptura, na kazi yake ilikuwa safi. Lakini si kushona kulikompa jina. Alikuwa amesoma shule ya Waa miaka miwili, akatoka na herufi za Kizungu kichwani, ila si Kizungu chenyewe, na katika mtaa wetu mzima waliozijua hawakuzidi watano, tena wanne waliona haya kusoma mbele za watu. Mjomba haya hiyo hakuwa nayo. Yeye ndiye aliyekuwa akitusomea gazeti.

Gazeti lenyewe likiitwa Kandili. Lilichapwa Mombasa kwa Kizungu, kwa Kigujarati na kwa Kiswahili, na kote jina lilikuwa hilo hilo, maana Popat alituambia kwao pia kandili ni kandili, na Wazungu waliona jina tamu wakaliacha kama lilivyo. Kote juu kabisa palikuwa na picha ile ile ya kandili inayowaka, na chini ya picha, kila moja kwa lugha yake, maneno haya: gazeti moja kwa lugha tatu. Yakija na basi la Likoni kila Ijumaa, yamefungwa pamoja katika kifurushi kimoja. La Kigujarati lilikuwa la Popat, la Kiswahili la mjomba, na la Kizungu liliwekwa kando hadi Jumamosi, mpaka mwenyewe, Mzungu mmoja aliyekaa peke yake ufuoni, alipotuma mtu kulichukua.

Baada ya sala ya alasiri mjomba huifunika cherehani kwa kitambaa, akaosha mikono, akaketi. Wanaume hukaa barazani, sisi wanawake upande wa magunia, na Mwero, muuza mbuzi kutoka Kinango, hukaa anapotaka kwa sababu alisema ametembea sana kuliko wote. Mjomba alianza na jina la gazeti na tarehe, akashuka nalo mpaka anwani ya mpiga chapa mwisho wa ukurasa wa mwisho. Hakuruka kitu. Bei ya mbata alisoma, matanga ya watu tusiowajua alisoma, tangazo la dawa ya kikohozi alilisoma kwa sauti ile ile ya heshima. Siku moja Mwero alimwambia aache hayo matangazo. Mjomba alimtazama juu ya miwani akamwambia, "Mimi nimekabidhiwa gazeti zima, bwana. Sikukabidhiwa nusu."

Sasa nieleze habari ya shamba. Galu tulikuwa na minazi iliyopandwa na bibi yangu mzaa mama, na kaburi lake liko humo humo, upande wa baharini. Sisi Wadigo shamba la upande wa mama lina msimamizi, na msimamizi ni mjomba. Yeye halili peke yake, ila neno lolote la shamba hupitia kwake: mpaka, ugomvi, serikali. Mama aliishi humo, na mimi nilikuwa nimerudi kwake na mtoto mchanga baada ya talaka, sina pengine pa kwenda. Karatasi hatukuwa nayo. Nani alikuwa nayo? Minazi ilikuwepo na kaburi lilikuwepo, na kila mtu toka Diani mpaka Msambweni alijua ni ya nani.

Ijumaa moja, mjomba hajafungua gazeti bado, Popat alitoka dukani na lake mkononi. Nilikuwapo, niliyasikia kwa masikio yangu. Alisema, "Fundi, ile arifa ya mashamba ya ufuoni umeiona?"

Mjomba akajibu, "Nimeiona."

Hakuwa ameiona. Lakini mtu ambaye watu wazima wanamngoja awasomee dunia, ukimuuliza habari ya gazeti lake mbele yao, hasemi sikuiona. Ndiyo tabia yetu, tusifichane. Aliona kama ni gazeti moja basi itakuwemo tu, ataikuta akisoma. Akasoma. Akakuta habari ya wadudu wanaotoboa minazi, na shauri la kuwatoa kwa waya, akadhani ndiyo hiyo. Akatuhimiza kwa bidii tukague minazi yetu. Mama alirudi nyumbani akakagua mnazi mmoja mmoja.

Arifa yenyewe ilikuwa hivi: kila mwenye dai juu ya ardhi ya ufuo kuanzia Galu mpaka Kinondo alete dai lake kwa maandishi Kwale ndani ya siku tisini, na asiyeleta ardhi yake itahesabiwa kuwa ya serikali. Ilitoka Ijumaa tatu mfululizo katika Kandili la Kizungu na la Kigujarati. Katika letu, Ijumaa hizo tatu, mahali pale pale, kona ile ile ya ukurasa wa tatu, paliwekwa tangazo la sabuni, mwanamke anafua huku anacheka. Na mjomba wangu, Mungu amrehemu, alitusomea sabuni ile mara tatu, neno kwa neno, na sisi tukasikiliza.

Siku tisini zilipita hatuna habari. Kisha wakaja wapimaji na minyororo yao, wakapaka minazi yetu rangi nyeupe, wakapiga vigingi vya chuma. Kimoja walikipiga hatua mbili kutoka kaburi la bibi. Mama aliwauliza wanafanya nini, wakamwambia wametumwa. Walipoondoka akaking'oa kile cha kaburini, akakinoa kwenye jiwe, akakisimamisha nyuma ya nyumba kuwa kifuo, akawa anafulia nazi, kuzivua makumbi. Alisema chuma kizuri hakifai kutupwa. Halafu akajifunga leso mbili, akaenda kumwita kaka yake.

Mjomba alikwenda Kwale na sisi wawili nyuma yake. Tulimkuta karani, kijana wa Kaloleni aitwaye Jefwa, mwenye adabu zake. Alimwamkia mjomba shikamoo, akatafuta katika majalada, akasema, "Mzee, muda wa madai ulikwisha. Ilitangazwa."

"Ilitangazwa wapi?"

"Katika Kandili."

Mjomba akacheka kwa furaha kabisa. Alidhani mambo yamekwisha, kosa limeonekana. Akamwambia, "Mwanangu, hilo gazeti nalisoma mimi. Tangu lianze halijanipita hata moja, na yote ninayo. Nipe siku mbili nikuletee."

Siku ya pili alirudi nasi, na magazeti ya mwaka mzima, yamefungwa kwa utepe wa kushonea, kila mwezi rangi yake. Safari hii alikuwapo Mzungu mwenyewe, mkubwa wa afisi ya mashamba. Mjomba hakuketi. Alitoa yale matatu ya tarehe alizotajiwa na Jefwa, akasimama katikati ya afisi kama tulivyozoea kumwona barazani, akaanza kusoma: jina, tarehe, mbata, matanga, wadudu wa minazi. Alipofika kwenye sabuni niliinamisha uso. Alisoma mpaka anwani ya mpiga chapa, akashika la pili. Mzungu alimwachia robo saa, sijui kwa mshangao au kwa ustaarabu, kisha akamwonyesha Jefwa kitu ndani ya jalada. Jefwa akakileta mezani. Kilikuwa kipande cha gazeti, na juu yake kandili yetu, picha ile ile, inawaka.

"Hili ni la Kizungu, mzee," Jefwa alisema polepole.

"Ni Kandili," mjomba akasema.

"Ndiyo. Lakini la Kizungu."

"Wameandika gazeti moja. Hapa, tazama, wameandika wenyewe."

Jefwa alimfasiria Mzungu. Mzungu akajibu maneno machache, na Jefwa akatufasiria. Mzungu alisema sheria inataka arifa itoke gazetini, na imetoka gazetini, na haikusema ni kwa lugha gani. Basi. Wakati mimi nakaribia kupiga ukelele, mama alinifinya mkono. Tulitoka nje na magazeti yetu.

Mjomba hakulala chini akakubali. Alipanda basi akaenda Mombasa mpaka afisi ya Kandili, akaonana na mkubwa wa upande wa Kiswahili, mtu wa suti. Alitusimulia baadaye. Yule bwana alimpa kiti na chai, akamwambia arifa za serikali hulipiwa, na waliolipa walilipia Kizungu na Kigujarati, kwani ndiko waliko wenye mashamba. Kiswahili ni cha kuwaburudisha wasomaji. Mjomba akamuuliza, "Na sisi wenye Galu, ni wenye nini?" Yule bwana akasema lilikuwa swali zuri, aliandikie barua, huenda wakaichapa. Mjomba aliiandika siku ile ile. Hawakuichapa.

Alipotoka huko alifanya jambo ambalo wanaomsema hawalisemi. Ijumaa iliyofuata, kabla ya kusoma, alisimama akawaambia watu, "Popat aliniuliza kama nimeiona arifa, nikasema nimeiona, nami sikuiona. Niliona haya. Dada yangu amenisikia, na mwanawe amenisikia." Popat naye akasema alidhani mjomba anajua, kwani gazeti ni moja. Alisema hivyo huku ameshika kichwa. Mama hakuwalaumu hata mmoja wao. Mimi nilimlaumu mjomba wiki nzima, nikamnyima salamu, nami najuta. Mtu akidanganywa kwa maandishi, kila wiki, na picha juu yake, kosa lake la neno moja la haya litakuwa na uzito gani?

Tulitolewa Galu mwaka uliofuata, tukaja kukaa kwa mjomba. Kaburi tuliambiwa tunaweza kulizuru tukiomba ruhusa. Kifuo mama alikuja nacho.

Mjomba aliendelea kusoma, watu walimtaka aendelee. Ila sasa Popat alikaa karibu na lake, na habari yoyote ya ardhi au kodi walilinganisha kwanza. Basi Ijumaa moja ya mwaka wa hamsini na saba mjomba alifungua ukurasa wa kwanza, akasoma kichwa cha habari: "Wenyeji wa Galu washangilia hoteli mpya." Sauti yake ikapungua lakini akaendelea. "Wenyeji wa Galu, wakubwa kwa wadogo, wameipokea kwa furaha isiyo kifani habari ya kujengwa hoteli ya wageni katika ufuo wao mzuri..." Palikuwa na picha. Mnazi wa mbele ulikuwa bado na rangi nyeupe ya wapimaji.

Alitazama mstari uliofuata, akaliweka gazeti magotini. Kwa mara ya kwanza tangu tumjue alikuwa amekataa kusoma.

"Endelea, Chirau," mama akasema.

"Siwezi, dada."

Mama akamgeukia Popat. "La Kizungu bado halijachukuliwa. Wewe Kizungu unakijua. Nalo limesema hivyo?"

Popat hakutaka. Alisema ni habari ndefu, alisema miwani yake iko ndani. Mama alimngojea tu. Mwisho akalitoa kwenye kifurushi. Juu ilikuwepo kandili, chini picha ya minazi yetu, ile ile. Akatufasiria kwa taabu: hoteli itajengwa Galu, mahali pazuri sana, patupu, pasipokuwa na watu wala mwenyewe tangu zamani, ila minazi iliyojiotea.

Mama alijifunga leso yake upya, taratibu, kama mtu anayetaka kwenda sokoni.

"Lile limesema tumefurahi," alisema. "Hili limesema hatukuwapo. Basi aliyefurahi ni nani?"

Mimi nimekuwa mzee sasa na jibu sinalo bado. Kwa hiyo anayetaka kumlaumu Chirau mbele yangu, anijibu kwanza swali la mama.