Kinyozi Asiyeuliza Njia

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, ni kinyozi. Watu wanamwita Kilomita, jina alilojipachika mwenyewe. Juu ya kioo cha kibanda chake ametundika gurudumu bovu la baiskeli, na ukikaa kwenye kile kiti hushuki kabla hujasikia jinsi alivyovuka milima mitatu kwa siku moja, upepo ukimpiga usoni. Katika hadithi zake upepo haujawahi kumsukuma mgongoni.

Mimi ni katibu wa chama chetu cha waendesha baiskeli. Kazi yangu ni daftari: saa, umbali, pancha, nani kaanguka wapi. Kwa miaka sita daftari limemwona Kilomita kwenye safari ndefu mara mbili, na mara zote mbili alirudi juu ya lori la mchanga.

Mwaka huu akataka kuongoza safari ya siku nne. Mwenyekiti akasema sawa, lakini kwanza atuongoze siku moja kwenye njia za mashambani, kilomita tisini, mimi na mwanachama mwenzetu mmoja, fundi cherehani, tukiwa mashahidi.

Asubuhi hiyo dada alinivuta pembeni. "Kaka, hakuna kitu anachokitaka kama hiyo safari. Usimwandike vibaya."

"Nitamwandika alivyo."

"Hicho ndicho ninachokiogopa."

Tuliondoka saa kumi na mbili na dakika kumi. Kilomita alikuwa na kofia mpya, miwani, suruali ya kubana na filimbi. Ramani hakuwa nayo. "Ramani ni za wageni," alisema.

Kilomita ya thelathini na moja: njia ya ng'ombe, uzio wa miti, kandambili moja nyekundu imetundikwa kwenye nguzo. Mama aliyekuwa akilima alitupungia mkono. Niliandika. Baada ya hapo kila njia panda alikata kushoto bila hata kupunguza mwendo.

"Kiongozi, tumuulize yule mchungaji?" fundi cherehani alisema.

"Anayeuliza njia si kiongozi."

"Wahenga walisema kuuliza si ujinga."

"Wahenga hawakuwa na baiskeli."

Kilomita ya hamsini na mbili: kandambili moja nyekundu imetundikwa kwenye nguzo.

Yule mama aliegemea jembe lake. "Mmerudi? Mmesahau nini?"

"Mama, sisi ndiyo kwanza tunapita hapa," Kilomita alijibu, kifua mbele.

"Basi wale wa asubuhi ni ndugu zenu. Na wao suruali ziliwabana hivyo hivyo."

Fundi cherehani alicheka mpaka akashuka kwenye baiskeli. Na kwa kuwa alikwisha kushuka, akauliza njia. Mama akaonyesha kwa mpini wa jembe. Fundi akatangulia, na kabla ya saa nane tulikuwa barabara kuu. Kilomita alifuata nyuma, akipuliza filimbi kwenye kila kona kama vile ndiye anayetuelekeza.

"Shemeji," aliniambia tulipofika, "andika kwamba tulizunguka makusudi. Nilikuwa nawapima pumzi."

Niliandika. Neno kwa neno, na jina lake pembeni.

Mwenyekiti aliyasoma maneno hayo kikaoni. Hakuna aliyecheka, na hapo nikajua wameshamalizana naye. Safari ya siku nne akapewa fundi cherehani. Dada hajanisemesha tangu siku hiyo.

Jumamosi nilikwenda kunyolewa. Mteja aliyekuwa kwenye benchi alimuuliza Kilomita anaondoka lini na wenzake.

"Nimekataa," alisema, akipaka povu. "Nani aache kazi siku nne, akawachunge watu wasiojua hata kulia na kushoto? Si kweli, shemeji?"

Wembe ulikuwa shingoni mwangu.

"Kweli," nilisema.

Nilipofika nyumbani nilifungua daftari. Niliandika saa, mahali, uongo wake, na chini yake nikaandika wangu.