Chumvi Nyuma ya Boma

Raho hakumwamini mbuzi asiyelamba chumvi. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akiswaga mifugo kutwa nzima kutafuta udongo wenye chumvi, na wakirudi maziwa yanafurika. Sasa Raho ni mjane pembezoni mwa Garissa. Mbuzi wake wachache ndio shamba na mshahara wake. Wasipokamuliwa, watoto hawali.

Basi mvua iliponyesha, jua likatoa unga mweupe kwenye kiwanja cha nyuma, na mbuzi wakaulamba kwa pupa, Raho alisema alhamdulillahi. Zamani mafundi walipasulia betri kuukuu pale, wakayeyusha madini ya risasi yaliyokuwa ndani, kisha wakahama. Tangu hapo hapakuota hata mwiba. Uyoga wa kijivu tu ndio uliochomoza. Raho akashika jembe, akachimbua ili mbuzi wafikie udongo wa chini, maana wa chini ndio mtamu.

Kisha Adey, mbuzi mweupe wa maziwa mengi kuliko wote, akaanza kusaga meno bila kitu mdomoni. Kesho yake alisimama paji la uso limegandamana na ukuta. Raho akampungia mkono machoni. Adey hakupepesa.

Abdisalam, daktari wa mifugo, alifika kwa pikipiki. Alichuchumaa kiwanjani, akapasua bonge la udongo. Ndani mlikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kama utando wa buibui.

"Eddo, shangazi yangu, hii si chumvi. Ni risasi ya betri. Sumu."

"Sumu gani? Uyoga laini inaishi, mbuzi yenye pembe ife?"

"Hizi nyuzi ni kuvu, mwili wenyewe wa uyoga. Kuvu inatoa asidi yake, inanasa risasi na kuigeuza chembe za mawe zisizoyeyuka. Ile inayopenya inafungiwa kwenye kuta za nyuzi. Lakini ni kazi ya miaka. Mbuzi hana ukuta huo. Kwake sumu inaingia damu, mifupa, mpaka maziwa."

"Maziwa," Raho alirudia.

"Usikamue, usiuze. Na kiwanja kiachwe kitulie." Kisha akaliona shimo, nyuzi zimekatika kila upande. "Wallahi, kuvu ilikuwa inafunga, nyinyi mmefungua."

Adey alikufa kabla ya adhuhuri. Abdisalam akaenda kutafuta dawa ya waliobaki, akisisitiza wasilambe tena hata kidogo. Raho akakata miiba, akakizungushia kiwanja chote. Mikono ilimtoka damu. Nyuma yake mbuzi walilia, wakinyoosha shingo kuelekea shimoni.

Alasiri jirani yake Maka akatokea na kundi lake.

"Abaayo, dada yangu! Tangu lini mtu anafungia chumvi ya Mungu?"

"Maka, rudisha mbuzi. Ni sumu!"

"Sumu!" Maka alicheka, akimpigia makofi. "Yako imelamba wiki nzima. Zamu yetu ikifika, imekuwa sumu? Bahili ukubwani, aibu!"

"Adey amekufa!"

"Mbuzi hufa. Wangu walikufa wangapi kwenye ukame, nilifungia nani kisima?"

Akavuta tawi la miiba kwa fimbo. Mwanya ukafunguka. Raho akajitupa pale akatandaza mikono, lakini mbuzi wa Maka walimpita chini ya makwapa, na wake mwenyewe wakawafuata mbio, wakisukumana kuingia shimoni. Wote wakainamisha vichwa. Hakuna sauti tena, ila ndimi zikikwaruza udongo.