Dume la Baba Mkwe

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Mtu aliyefungua marobota ya mitumba pale soko la Kibuye miaka yote hiyo ameshaona kila kitu. Nimetoa gauni la harusi ndani ya robota lililoandikwa kuwa ni suruali za watoto. Nimetoa makoti ya manyoya ya kuvaa kwenye barafu, nikayauza Kisumu, kwenye joto hili, na yakaisha. Siku moja nilikuta meno ya bandia mfukoni mwa koti, mazima kabisa. Niliyaweka kaunta kwa mzaha, mzee mmoja akayajaribu, akayanunua.

Robota hununuliwa likiwa limefungwa. Unasoma kibandiko, unalipima uzito kwa bega, unalipa, ndipo unakata mkanda. Ukilia baada ya hapo unalia peke yako. Mimi nilianza kwa kuyabeba marobota ya watu mgongoni. Shule niliishia darasa la nne. Lakini kabla nywele hazijaanza kuniacha nilikuwa na vibanda vitatu na nyumba ya mawe, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Sisemi hivi kwa kujisifu. Au basi, nasema kwa kujisifu, maana yanayofuata hayana sifa yoyote.

Dada yake mke wangu aliolewa na karani wa Nairobi. Huyo karani ni mwanyumba wangu, na wanaume waliooa nyumba moja hawaachi kupimana, hata wakisalimiana vizuri namna gani. Kila tulipokutana kwa wakwe zetu kule upande wa Ahero, alikuwa na kadi ya benki kwenye mfuko wa shati. Aliitoa, akaitazama kama mtu anayetazama saa, akairudisha. Hakuna aliyemuuliza kitu. Lakini akina mama wa nyumba ile walikuwa wakimpa kiti chenye mto, na mimi, mwenye nyumba ya mawe, napewa kile cha kamba.

Kwa hiyo miaka ya tisini ilipoanza na benki za mjini zikaanza kuwatafuta wafanyabiashara wachukue kadi za mkopo, sikungoja kutafutwa. Nilivaa koti, nikaingia benki tatu, moja baada ya nyingine, nikarudi Kibuye na karatasi tatu. Nilizitandaza juu ya rundo la jinzi mbele ya mke wangu.

"Angalia hapa," nikamwambia. "Hii inataka asilimia tatu kwa mwezi. Hii mbili na nusu. Hii mbili. Wewe ungechukua gani?"

"Mbona hiyo ya mbili ina maandishi mengi nyuma kuliko zingine?"

"Mama, mimi nalinganisha bei. Maandishi ni ya mawakili."

"Muulize basi shemeji. Yeye anayo."

"Ya kwake ni hiyo ya asilimia tatu!" nikasema, na nilicheka mpaka muuza viatu wa jirani akageuka. "Karani mzima, na shule yote ile, analipa tatu. Mimi nichukue ushauri kwake?"

Nilichukua ya mbili. Nilisoma namba kubwa ya mbele kama ninavyosoma kibandiko cha robota, na nyuma sikugeuza. Kadi ilipokuja niliiweka kwenye mfuko wa shati. Kwa miezi mitatu niliitumia mara mbili, petroli na blanketi, katika sehemu chache mjini zilizokuwa na ile mashine ya kuburuta kadi juu ya karatasi. Riba ilikuja ndogo kama walivyosema. Nilimwambia kila mtu.

Kisha baba mkwe akafa.

Mkwe kwetu haendi matangani mikono mitupu. Unaenda na watu wako, na mbele yenu anatembea ng'ombe, na ng'ombe huyo ndiye anayesema wewe ni nani. Mke wako anasimama pale na dada zake akitazama njia. Ukileta kindama, yeye ndiye ataishi nacho. Na jambo moja lingine halisemwi kwa sababu kila mtu analijua: dume la msiba wa mkwe halikopwi. Unamlilia mzee kwa mali yako.

Pesa yangu yote wiki ile ilikuwa imefungwa ndani ya marobota yaliyokuwa njiani kutoka Mombasa. Ningeweza kuuza kitu. Ningeweza kununua mnyama mdogo. Lakini nilikuwa na kadi, na mwanyumba angekuja na ng'ombe wake.

Mnadani niliona dume jekundu lenye nundu kama gunia. Mwenyewe alitaka elfu ishirini na tatu. Tukavutana mpaka ishirini, na hapo, Mungu anisamehe, nikatoa kadi.

Aliigeuza huku na huku. "Hii ni nini, Mzee?"

"Hiyo ni pesa."

"Pesa ya wapi haina kichwa cha mtu?" Akawaita wenzake. "Omera, ndugu zangu, kuja muone! Mzee anataka kulipa na kitambulisho!"

"Mshikie kwato aandike sahihi," mwingine akasema.

Nilicheka pamoja nao. Nikapanda gari hadi mjini, nikaingia benki, nikatoa elfu ishirini taslimu kwa kadi ile ile. Kijana wa kaunta alinihesabia noti bila maneno. Ilikuwa rahisi sana. Nikajiambia, basi, riba ni mbili, miezi michache nimemaliza.

Na lile dume lilitembea, ndugu zangu. Lilitangulia mbele yetu kwenye tope la Kano, njia ya kwenda ukweni, wanawake wakapiga vigelegele ingawa ni msiba, na mke wangu akaangua kilio akimwambia baba yake aamke aone. Ng'ombe wa mwanyumba alikuwa amefungwa kando ya boma. Alikuwa ng'ombe mzuri. Alifika begani kwa dume langu.

Jioni, mbele ya wanaume wote wa ukweni, nilimwuliza kama Nairobi ng'ombe wanakula karatasi.

"Amekugharimu pesa ngapi?" akaniuliza taratibu.

"Ishirini. Kwa kadi. Riba mbili, si tatu kama yako."

"Kwa kadi? Ulitoa taslimu?"

"Sasa ningemburuta kwenye mashine?"

Wanaume walicheka sana; kwao kadi ilikuwa aina nyingine ya pesa tu. Yeye hakucheka. Akasema, "Haya, bwana mkubwa," na akainama kuosha mikono. Usiku huo kile kiti chenye mto nilikalia mimi.

Baada ya hapo kila mwezi benki ilileta karatasi. Chini yake kulikuwa na kiasi cha chini kabisa unachotakiwa kulipa, elfu moja na kitu. Nililipa hicho, sikuchelewa hata mara moja. Nilifikiri ni kama kulipa kodi ya kibanda: ukifikisha mwisho, umefika. Ile namba kubwa ya juu sikuitazama sana. Nilipoitazama ilikuwa karibu pale pale, nikaona labda wanachelewa kuandika.

Mwaka uliofuata tulirudi kwa ukumbusho wa mzee. Shemeji mkubwa, mrithi wa boma, alisimama kuwashukuru watu, akalisifu dume jekundu mbele ya wachungaji na majirani. Mke wangu alitazama chini kwa furaha. Mwanyumba alinigusa kiwiko, tukaenda nyuma ya nyumba, mahali walipoegeza baiskeli.

"Bado unalipa?" akaniuliza.

"Kulipa nini?"

"Lile deni. Mimi baba yangu alipofariki nilifanya hivyo hivyo. Nilitoa taslimu. Iliniuma miaka miwili, na riba yangu ni tatu kwa kila kitu. Ya kwako kwa taslimu si mbili. Kama imebaki nyingi, tuimalize pamoja, utanirudishia polepole. Haitoki hapa."

Hayo ndiyo maneno aliyoniambia, kwa sauti ya chini, huku amesimama kati yangu na watu ili wasituone. Mpaka leo nikiyakumbuka uso unawaka. Maana mimi nilijibu, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Wewe ndiye wa kulipa miaka miwili. Mimi nilimaliza kabla nyama haijaisha!"

Alinitazama. Kisha akasema, "Ni vizuri basi," akarudi kukaa.

Ilinichukua miezi mingine sita kwenda benki, na nilienda kwa ugomvi, nikiwa nimejiridhisha kuwa ninaibiwa. Ilikuwa Jumatatu, foleni imejaa watu wa Kibuye wenye pesa za soko la Jumapili. Niligonga kaunta. Binti aliyekuwa hapo alichukua karatasi zangu, akazitazama moja moja.

"Baba, hakuna kosa hapa."

"Hakuna kosa? Nimelipa mwaka na nusu, deni lile lile! Riba mbili iko wapi?"

"Mbili ni ya kununua vitu dukani, Baba. Hii ulichukua pesa mkononi. Ya mkononi ni nne na nusu kila mwezi, na inaanza siku ile ile. Na kuna ada ya kutoa." Akaigeuza karatasi yangu ya kwanza, ile ya tangu siku ya rundo la jinzi, akaweka kidole. "Imeandikwa."

"Na ile benki nyingine, ya asilimia tatu?"

"Ile ni tatu tu, Baba. Hata ya mkononi."

Nikapaza sauti. Sijui nilitaka nini. "Sasa mimi ng'ombe ningenunua duka gani lenye mashine?"

Foleni nzima ililipuka. Mtu akasema nyuma yangu, "Peleka dume supamaketi, Mzee!" Niligeuka nicheke nao, kama nilivyofanya mnadani, na kicheko hakikutoka. Kila kitu ninachonunua maishani mwangu nanunua nje, kwa watu wasio na mashine. Marobota, mbao, samaki wa Dunga, ng'ombe. Nilikuwa nimechagua kadi ya bei nafuu kwa maisha ya mtu mwingine.

Nilimwuliza binti ni kiasi gani kingemaliza yote. Akaandika. Siku ile ile niliuza mzigo wangu wa makoti kwa bei ya kutupa kwa mtu ambaye hakuuliza kwa nini, na kabla benki haijafungwa nilirudi nikalipa.

Lakini Kibuye haina kuta. Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa ameshafika. Kikapu kilikuwa bado mkononi.

"Sokoni wanacheka," akasema. "Wanasema kuna mzee alitaka kununua ng'ombe kwa mashine ya benki."

Nilifunga mlango nyuma yangu.

"Ng'ombe wa baba yangu. Ulimlipia lini?"

Nilitaka kusema siku ile ile, mnadani, kama nilivyosema siku zote. Lakini alikuwa akinitazama kama alivyoitazama ile njia ya Kano, akingoja kuona kinachokuja.

"Leo," nikasema.

Aliweka kikapu chini. Alivuta kiti, hakukikalia, akashika tu mgongo wake kwa mikono miwili. Nikasikia anahesabu kwa kunong'ona, misimu ya mvua, ukumbusho, yale maneno ya kaka yake mbele ya wachungaji.

"Kwa hiyo siku tunamzika, alikuwa ng'ombe wa benki."

"Ndiyo."

"Na mwaka jana, kaka akimsifu, bado ni wa benki."

"Ndiyo, Mama."

Hakulia. Ningependa angelia, au anitukane. Alisema tu, "Uliniambia elfu ishirini. Niambie sasa, mpaka leo, kwa yote. Baba yangu alililiwa kwa shilingi ngapi?"

Nikatoa karatasi za benki mfukoni, lakini sikuhitaji kuzitazama. Nikamwambia: shilingi elfu thelathini na sita, mia mbili na hamsini.