Sura ya Sophie Haikulingana

Francine Akonkwa hakuwahi kutaka kazi ya kutilia watu shaka. Kwa miaka kadhaa aliandaa karatasi za kuuza viwanja katika ofisi ya mawakili pale mtaa wa Nyawera, na aliipenda. Kisha mkuu wake, maître Didier, akaleta mfumo wa kompyuta ili Wakongo walioko ng'ambo wauze parcelle, yaani viwanja vyao, bila kupanda ndege. Francine akapewa kuhakikisha kwamba anayeuza ndiye mwenye jina. Mteja anaonyesha kitambulisho mbele ya kamera ya simu, anageuza uso kushoto na kulia, kompyuta inalinganisha. Basi.

Lakini umeme unakatika mteja akiwa amegeuza shingo nusu. Kadi za uchaguzi, ambazo ndizo vitambulisho vya wengi, zimefifia mpaka picha imebaki kama doa la chai. Na wazee wanaudhika. "Minazaliwa Bagira, minazeekea Bagira, na unaniuliza mimi ni nani?" Francine alirudi nyumbani kila siku kichwa kinamuuma.

Hapo ndipo tonton Marcellin alipokuja. Alikuwa mjomba wake, mdogo wa mama yake. Kule Kasha kulikuwa na parcelle iliyoandikwa kwa jina la Sophie, mtoto wa marehemu kaka yao mkubwa, ambaye alikuwa akiishi ng'ambo, Lyon, miaka mingi. Marcellin alikuwa amepata mnunuzi, mwenye duka la dawa aitwaye Patrice.

"Sophie alishakubali," alisema, akitoa nakala ya pasipoti. "Inabakia tu ile mambo yenu ya téléphone."

Mara ya kwanza walipopiga namba aliyoitoa Marcellin, mtandao ulikatika. Mara ya pili kompyuta iliandika kwamba sura hailingani na ya pasipoti. Mara ya tatu vilevile. Mwanamke aliyeonekana kwenye simu alikuwa amejifunga kitenge kichwani, amekaa gizani, picha inaganda kila alipojisogeza. Francine alimwomba awashe taa. Akajibu kwa sauti ya mafua kwamba taa imeharibika.

Maître Didier akachungulia mlangoni. "Bado tu? Patrice ananipigia tena."

"Kompyuta inakataa, maître."

"Kompyuta haina famille, haina ndugu. Wewe unamujua ule mutu. Pitisha."

Ni kweli, sheria ya ofisi iliruhusu: mfanyakazi anayemfahamu mteja angeweza kumpitisha kwa saini yake mwenyewe. Marcellin akainama juu ya meza.

"Mwanangu, mulikula na Sophie mu sahani moya. Leo unangoja mashini ikuambie kama ni yeye?"

Francine alikuwa amechoka nao wote. Akaanza kutia saini yake ili yaishe. Wakati huohuo, ndani ya simu, nyuma ya yule mwanamke, sauti ya mama muuzaji ikapita ikinadi: "Sambaza! Sambaza bibichi!"

Francine akaacha saini nusu. Sambaza ni samaki wadogo wa ziwa Kivu, hawauzwi kwa kunadiwa Lyon.

"Charlène," Francine akasema polepole, "toa kitambaa."

Simu ikakatwa. Charlène alikuwa binti wa Marcellin, na tangu utotoni watu walisema amefanana na Sophie.

Marcellin hakukana. "Nani alijenga ukuta wakati mvua ilikuwa inabeba ile parcelle? Ni Sophie? Ninamupigiaka, hashikake simu. Ningefanya nini?"

Francine akafunga kompyuta. Alimkasirikia Marcellin, akamkasirikia Sophie, na zaidi maître Didier, ambaye sasa alisema tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi.

Kesho yake alipata namba ya Sophie kwa Mélanie, rafiki yao wa shule. Sophie akashika simu.

"Francine gani? Batu banapigaka kila siku, banajiita famille. Onyesha sura."

Francine akaweka simu mbele ya uso wake.

"Geuka kidogo."

Akageuka.

"Umenenepa," Sophie akasema, ndipo akakubali kusikiliza.

Hakuwa amekubali kuuza. Lakini hata habari za ukuta hakuwa nazo. Alidhani parcelle bado ni mteremko wa majani matupu. Akauliza nani aliyebeba mawe.

Mambo yakachukua wiki nyingi. Mwishowe Sophie akaamua kumwachia Marcellin nusu ya chini, penye ukuta, na nusu ya juu ibaki yake. Sasa ikabidi Marcellin naye ahakikishwe. Kadi yake haikusomeka. Alitumwa ofisi ya serikali ya commune kutafuta hati nyingine, akarudi, akatumwa tena, akinung'unika njia nzima. Alipotia saini hakumtazama Francine. Patrice alikuwa ameshanunua mahali pengine.

Siku hizi, baada ya misa, Marcellin anasalimia kila mtu wa ukoo kwa jina. Akimfikia Francine anasema, "Bonjour, madame," na kupita. Charlène anayemfuata ndiye humshika mkono, macho chini. Mama yake Francine anasema hasira itapita. Francine anamjibu kwamba amesikia hivyo tangu Pasaka.