Bakuli Lililorudi na Mkate

Naona haya kulisema hili. Sukari ilinizidi, kidonda cha mguu kikakataa kupona, na daktari akaniambia niache wali, muhogo na vitamu, nile mchicha, bamia na mabiringanya. Basi mke wangu, Mwanaesha, akawa ananifungia bakuli la mboga niende nalo karakanani, ninakochonga milango.

Bamia zilinichosha upesi. Nikampa bakuli jirani wa karakana, Bi Rukia, mjane. Hapa Amu, mjini Lamu, chombo cha mwenzio hukirudishi kitupu, kwa hiyo akakirudisha na mkate wa sinia, wa mchele na sukari, mtamu, wa moto. Nikila, namtunzia heshima yake, nilijiambia, kana kwamba heshima ndiyo iliyokuwa ikitafuna. Ukawa mtindo wetu wa kila siku.

Jana nyumbani Mwanaesha alikuwa akiniosha kidonda, akimlaumu daktari kwamba hakiponi, Bi Rukia alipoingia.

"Mwanangu, nimekuya kukushukuru kwa mboga unazonipa," alimwambia Mwanaesha. "Na mkate wangu, mwaupenda?"

Mwanaesha aliendelea kuosha mguu. Kando yake palikuwa na sahani yake ya chakula, mchicha mtupu. Tangu niugue hajapika wali nyumbani, nisije nikautamani.