Fanksheni Nilizoandika Baba Akiwa Hai

Niliporudi kazini baada ya kumzika baba, wenzangu ofisini walinipa mkono mmoja mmoja, wakaniambia pole, kisha wakabaki wakinitazama kama watu wanaosubiri chai ichemke. Walitaka nilie. Hata mimi ningependa kulia, angalau jambo hilo lingekuwa limekwisha. Lakini sikuwa na chozi, wala uchungu, wala hasira. Nilikuwa mtupu tu. Nikasema asante, nikaketi, nikawasha kompyuta.

Kazi yangu ni kuchambua data ya mashamba ya miwa. Ofisi yetu iko mjini Kakamega, na mradi wetu huwapa wakulima mbegu na mbolea kila msimu. Maafisa wa nyanjani huzunguka vijijini, huandika kwenye simu zao nani kapanda, lini, na kakata lini, halafu mzigo wote huniangukia mimi. Data hufika ikiwa chafu ajabu. Mtu mmoja ameandikwa mara mbili, mwingine amepanda mwaka ambao haujafika, mwingine shamba lake ni kubwa kuliko kata nzima. Mimi huisafisha kwa lugha ya kompyuta inayoitwa R, ambayo watu wa takwimu tunaipenda na kuilaani kwa zamu.

Katika R, unaandika maagizo yako kwenye faili inayoitwa skripti. Ukijikuta unaandika maagizo yaleyale kila siku, unayafunga pamoja, unayapa jina, na hiyo ndiyo fanksheni. Kesho ukilitaja jina, kazi yote inajifanya. Mtu mvivu ndiye mwandishi mzuri wa fanksheni, na mimi katika uvivu wa aina hiyo sijapata mpinzani. Fanksheni zangu zote nilizikusanya katika faili moja niliyoiita jiko, kwa kuwa kila kitu kinapikwa humo. Kila skripti yangu huanza na mstari mmoja wa kuliita jiko. Wenzangu wengine hunakili fanksheni kutoka skripti hii hadi ile kama watu wanaohama na mafiga kichwani. Niliwacheka sana kwa hilo.

Miezi ile ya kwanza baada ya mazishi, jiko ndilo lililonibeba. Nilikuwa nafika asubuhi, naandika ule mstari wa kwanza, kisha nataja majina: safisha, panga, jumlisha, chora. Kichwani hamkuwa na wazo hata moja. Ripoti zilitoka nzuri, nikasifiwa. Ukweli ni kwamba aliyekuwa akifanya kazi ni yule mwanamke wa mwaka uliopita, mwenye baba, aliyekuwa amekaa akafikiria kila kitu mapema. Mimi nilikuwa namwita tu, anaitika. Jioni nilirudi Shirere, kwenye chumba changu kati ya vyumba vya wanafunzi, nikala mkate na chai, nikawasikiliza wakibishana kuhusu mpira upande wa pili wa ukuta. Mvua ya alasiri ilinyesha, ikaacha. Sikuwa nalala vibaya. Sikuwa naota.

Aliyekuwa na shida ni mama, kule Mayoni. Baba mdogo, mdogo wake marehemu, alikuwa ameanza kupita shambani akipima kwa hatua. Alitaka miwa ing'olewe apande mahindi yake. Katika kikao cha ukoo alisema, "Miwa bila mwenyewe ni msitu. Kama ule mradi unamjua huyu mama, wamuandike. Wakimuandika, mimi nitanyamaza. Wasipomuandika, nalima." Wazee wakaona hiyo ni haki. Shamba lile ndilo lililokuwa limebaki la mama. Nyumba imejengwa kwenye ardhi ya ukoo.

Mama akanipigia simu. "Mukhana wanje, binti yangu, niangalilie kwa hiyo kompyuta yako kama tuko. Mimi ndiyo nalimanga hiyo shamba. Mzee alikuwa anakujanga tu kusimama na fimbo, anaonyesha magugu kwa kidole."

"Tuko, mama," nilimwambia kabla hata ya kuangalia. "Tumekuwa kwenye mradi miaka yote."

"Angalia tu. Hiyo shamba ikienda, mimi nitakuwa mgeni hapa."

Utaratibu wa mradi ulikuwa rahisi. Shamba likiwa kwenye orodha ya msimu na mwenyewe amefariki, mjane akileta barua ya chifu, jina linabadilishwa. Shamba lisipokuwemo, hakuna cha kubadilisha. Inabidi usubiri mradi uandikishe wakulima wapya, na hakuna aliyejua ni lini. Barua ya chifu mama alikuwa ameshaileta. Nikatafuta nambari ya shamba la baba katika orodha niliyokuwa nimeitoa mimi mwenyewe. Haikuwemo.

Nilirudi kwenye data mbichi, ile iliyoletwa na maafisa. Shamba lilikuwepo. Limepandwa tarehe fulani, limekatwa tarehe fulani, na kati ya tarehe hizo mbili haukuwa umetimia hata mwaka. Nikaelewa papo hapo, kwa sababu siku hiyo ya kukata nilikuwepo. Siku chache kabla mwili haujaletwa kutoka mochari, baba wadogo na vijana wa kijiji waliingia na mapanga kwenye miwa iliyo karibu na boma, michanga, bado ya kijani hadi chini, wakaifyeka ili pawepo mahali pa mahema na viti vya waombolezaji. Ng'ombe wa jirani wakala wakashiba. Huko kwetu hakuna anayeliuliza jambo hilo. Watu wakija kuomboleza, hawawezi kukaa juu ya miwa.

Afisa wa nyanjani alipita baadaye, akaona mashina yamekatwa, akaandika: limekatwa. Na katika jiko langu kulikuwa na fanksheni ya kusafisha mashamba, na ndani yake mstari unaosema shamba lililokatwa kabla ya mwaka ni kosa la aliyeandika, litupwe. Pembeni nilikuwa nimejiandikia maelezo kidogo, kwa ile jeuri yangu: hakuna mwenye akili anayekata miwa michanga.

Nilimpelekea mkubwa wangu jambo hilo. Ni mtu wa maneno machache, na huanza sentensi zake zote kwa kuvua miwani. Nikamweleza kwamba shamba ni la kwetu, asije akalisikia kwingine.

"Pole, madam," alisema. "Sasa unataka tufanye aje?"

"Nataka kubadilisha fanksheni."

"Ya hiyo shamba moja?"

"Ya yote."

"Kama ni ya kwenu peke yake, hapana. Watu watasema. Kama ni ya wote, badilisha, halafu maafisa wapige simu waulize."

Nikabadilisha. Mashamba yaliyokatwa mapema sasa hayakutupwa. Yaliwekwa kando yaulizwe. Nikawapa maafisa nambari za simu. Walirudi na majibu. Mmoja alikuwa amekata kwa sababu ya moto, mwingine aliikata amuuzie jirani kama mbegu. Waliobaki, kutoka Matungu hadi kule Mautuma, walijibu jambo moja kwa maneno tofauti: tulikuwa na matanga, tulikuwa tunamzika shosho, tulihitaji pa kuweka watu. Afisa mmoja alinisomea majibu hayo akicheka kwa aibu, kwa kuwa yeye pia ni mtu wa huku, na yeye pia hakuwahi kufikiria. Msimu baada ya msimu nyumba zenye msiba zilikuwa zikitoka kwenye orodha yetu kimyakimya, na sisi tukisema data imekuwa safi. Nilijua kwamba hilo lilipaswa kuniumiza. Niliandika majibu kwenye safu yake, nikaenda kunywa chai.

Uzuri wa kuwa na jiko moja ni huo: ukirekebisha chungu, kila anayekula amerekebishiwa. Skripti zangu zote zilikuwa zikiita fanksheni ileile, kwa hiyo sikuhitaji kugusa kitu kingine. Niliendesha skripti ya orodha ya msimu, nikatafuta nambari ya baba.

Haikuwemo.

Nikaendesha tena. Haikuwemo. Nikazima kompyuta, nikaiwasha, kama fundi wa redio anayepiga kofi. Nikalifungua jiko, nikahakikisha mabadiliko yapo. Yapo. Asubuhi yote ikapita hivyo, na orodha ilitakiwa kupelekwa kwa watu wa mbegu kesho yake. Mama alipiga simu mara mbili, sikupokea. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilianza kuhisi kitu kidogo, na kitu hicho kilikuwa hofu.

Hatimaye nilifanya kile ambacho mtu mwenye jiko huona ni kazi ya chini. Nikasoma skripti yangu kutoka juu hadi chini, mstari kwa mstari. Juu kulikuwa na mstari wa kuita jiko, sawa. Lakini chini yake, katikati, ilikuwepo fanksheni ya kusafisha mashamba tena, nzima, ya zamani, imebandikwa palepale. R ikikuta majina mawili yanayofanana haigombani. Inamsikiliza aliyesema mwisho. Kila mara jiko lilikuwa linaleta fanksheni mpya, na mistari michache baadaye ile ya zamani inaikalia juu.

Nani aliibandika? Mimi. Ilikuwa wiki ya msiba. Ofisi ilihitaji orodha ya awali, nami nilikuwa Mayoni, jikoni kwa mama, na kompyuta ndogo mapajani, wanawake wakikoroga obusuma, ugali wa kwetu, kwenye sufuria zilizonizidi urefu. Jiko langu lilikuwa kwenye kompyuta ya ofisini. Nilichokuwa nacho ni skripti ya zamani, ya kabla ya jiko, niliyokuwa nimewahi kujitumia kwa barua pepe, nikanakili fanksheni kutoka humo, nikaibandika katika skripti ya msimu, na hiyo ndiyo niliyorudi nayo ofisini. Mimi, niliyewacheka wenzangu na mafiga yao. Sikumbuki kubandika. Nakumbuka moshi na mtu akiniuliza chumvi iko wapi.

Nikaifuta. Nikaendesha skripti. Nambari ikatokea, na kando yake jina la baba, majina yake yote matatu, katikati ya wakulima wa Mayoni wa msimu huu. Eneo la shamba, aina ya miwa, hali: hai. Hapo "hai" maana yake ni kwamba shamba limo kwenye mradi. Nilijua hivyo. Nililitazama muda mrefu.

Kazi iliyobaki ilikuwa kubadilisha jina. Hiyo nayo ilikuwa na fanksheni yake, badilisha jina, na nilikuwa nimeitumia kwa familia nyingi bila kusita, barua ya chifu mkono mmoja na kikombe mkono mwingine. Unaipa jina la zamani, unaipa jina jipya. Inataka pia sababu, lakini sababu nilikuwa nimeijaza mwenyewe ndani ya fanksheni, kwa kuwa karibu kila mara ilikuwa ileile na nilichoka kuiandika. Usipotaja sababu yoyote, R inajiandikia.

Nikaandika jina la baba mahali pa jina la zamani. Nikaweka mkato. Nikaandika la mama. Nikafunga mabano, nikabonyeza.

Ilichukua muda wa kupepesa jicho. Jina la baba likatoka, la mama likakaa mahali pake, na katika safu ya mwisho likatokea neno ambalo asubuhi hiyo sikuliandika: marehemu. Nilikuwa nimeliandika siku nyingine, baba akiwa mzima, akisimama shambani na fimbo yake. Nililiweka pale ili kuokoa muda.

Ndipo nilipolia. Sikulia vizuri, kama wanavyolia watu kanisani na leso. Nililia kwa sauti mbaya, pua ikitiririka, mezani pangu, mchana, ofisi ikiwa imejaa. Mkubwa wangu alivua miwani, akaivaa tena, akatoka nje. Mwenzangu mmoja alifunga mlango akasimama hapo asiingie mtu.

Nilipoweza kuongea nilimpigia mama.

"Uko, mama. Wamekuandika."

"Jina langu?"

"Jina lako. Mwambie baba mdogo aje ofisini aone orodha."

Alimshukuru Mungu kwa Kiluhya, akanishukuru na mimi. Nikasikia kuku nyuma yake, na mlango ukifungwa. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha asije akasikia vibaya, "Kwa hivyo sasa mimi ndio mwenye shamba?"

"Wewe ndiye, mama."

"Kumbe ni kweli hayuko," akasema.

Tangu siku ya mazishi, mimi na yeye hatukuwa tumeambiana hilo.

"Hayuko, mama," nikamjibu.